Safari ya Eropleni Toka Nairobi Hata New York: Umbali, Mwendo na Hesabu ya Saa

Siku hizi si ajabu kusikia ya kuwa kijana wa kijijini amepata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, au kwamba mzee fulani ameitwa na mwanawe akaaye huko. Tikiti ifikapo huletwa kwa mwalimu au kwa chifu ili isomwe, maana ndani yake mna tarakimu nyingi zisizoeleweka upesi. Hapo maneno huanza. Mmoja asema safari ni ya saa 7, kwa kuwa ndivyo saa za kuondoka na kufika zionyeshavyo. Wa pili asema la, ni saa 15. Wa tatu ashika rula, apima ramani ya ukutani, naye atoa hesabu yake. Wote watatu wamesoma kitu kilichoandikwa, walakini kila mmoja amesoma jambo jingine.

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari hii kwa taratibu, kwa kuwa si maneno ya kupitisha wakati tu. Kosa dogo katika kusoma saa laweza kumfanya msafiri aachwe na eropleni, na nauli iliyochangwa na ukoo mzima ikapotea. Tena laweza kuwatia hofu bure wale waliobaki nyumbani. Tutachukua mfano wa viwanja viwili vilivyotengana sana, yaani kiwanja cha Jomo Kenyatta kilichoko Nairobi na kile cha John F. Kennedy kilichoko New York. Atakayeelewa mfano huu ataweza kupiga hesabu ya safari yoyote nyingine.

Zamani na sasa

Hapo kwanza safari ndefu za angani zilihesabiwa kwa siku. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za eropleni toka London kuja Mwanza, penye ziwa la Victoria, hasa kwa ajili ya kuleta barua. Mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa hata Cape Town, na safari nzima ilichukua siku 11. Eropleni za zamani zile hazikuweza kwenda mbali pasipo kutua na kutia mafuta. Usiku abiria walilala chini, asubuhi wakapanda tena.

Kwa habari za Nairobi na New York, kwa miaka mingi abiria hakuwa na njia ila kushuka mahali pa katikati, kama Ulaya, Addis Ababa au Dubai, akangoja, kisha akapanda eropleni nyingine. Mwezi Februari 2017 serikali ya Marekani, baada ya kukagua jinsi Kenya isimamiavyo usalama wa anga, iliipa nchi hiyo daraja la kwanza, ambalo pasipo hilo safari za moja kwa moja zisingeruhusiwa. Ndipo tarehe 28 Oktoba 2018 kampuni ya Kenya Airways ilipoanza safari isiyotua njiani, kwa eropleni ya Boeing 787-8 yenye viti 234.

Umbali

Umbali wa viwanja hivi viwili ni kilomita 11,800 na kidogo, yaani maili zipatazo 7,350. Lakini yafaa tujue jinsi umbali huo upimwavyo, kwa sababu ramani ya ukutani hudanganya macho.

Dunia ni mviringo kama chungwa, na ramani ni bapa kama mkeka. Ukipiga mstari ulionyoka juu ya ramani toka Nairobi hata New York, mstari utapita Kongo, Nigeria na Mali, kisha utaingia bahari ya Atlantiki. Macho yatasema hiyo ndiyo njia fupi, wala sivyo. Mwalimu aliye na tufe la dunia shuleni na achukue uzi, aushike penye Nairobi, auvute mpaka New York hata ukaze. Ataona kwamba uzi wapanda kuelekea kaskazini zaidi. Wapita kaskazini mwa Uganda, Sudan ya Kusini, Chad, Niger, jangwa la Algeria na Moroko, ndipo uingie baharini. Tena juu ya bahari wapanda kaskazini kuliko New York yenyewe, kisha warudi kushuka kidogo kabla ya kufika. Asiye na tufe na atumie mpira wa miguu au boga la mviringo, naye ataona vivyo hivyo.

Njia ya uzi ni fupi kuliko ile ya rula kwa kilomita zipatazo 350. Kwa eropleni hiyo ni karibu nusu saa, na mafuta ya nusu saa si kidogo. Walakini rubani hafuati uzi huo neno kwa neno. Huzunguka mawingu ya dhoruba, hufuata njia apewazo na waongozaji wa anga wa kila nchi, tena huepuka nchi zenye vita. Mwezi Aprili 2023, vita vilipozuka Sudan, anga la nchi hiyo lilifungwa, na eropleni nyingi zilizozoea kupita juu yake zikalazimika kuzunguka. Kwa hiyo kilomita 11,800 ni umbali wa uzi, na kilomita zisafiriwazo kwa kweli huzidi hapo, leo hivi na kesho vile.

Mwendo na upepo

Eropleni ya namna hii, ikiisha kupanda juu na kutulia, huenda kilomita zipatazo 900 kwa saa. Mwanafunzi atagawanya 11,800 kwa 900, naye atapata saa 13 na dakika chache. Hesabu yake ni sahihi, lakini kampuni iliandika saa zipatazo 15 kwa safari ya kwenda New York, na saa zipatazo 14 kwa kurudi Nairobi. Je, saa hizo za ziada zatoka wapi? Na kwa nini kwenda kuzidi kurudi, hali njia ni ile ile?

Sababu ya kwanza ni kwamba mwendo wa kilomita 900 si wa tangu mwanzo hata mwisho. Eropleni hutembea chini kutafuta njia yake ya kurukia, hungoja zamu, hupanda polepole, na mwishoni hushuka polepole. Penye kiwanja chenye shughuli nyingi kama kile cha New York, huenda ikazungushwa angani kungoja nafasi. Dakika hizi zote zimo katika saa zilizoandikwa. Tena mwenye kampuni huongeza akiba kidogo, ili eropleni isihesabiwe kuwa imechelewa kwa jambo dogo.

Sababu ya pili ni upepo. Watu wa pwani wajua tangu zamani kwamba jahazi lijalo na kaskazi halina budi kungoja kusi ili lirudi. Huko juu, yapata kilomita 9 hata 12 toka ardhini, mna pepo nyingine zenye nguvu zivumazo toka magharibi kwenda mashariki. Hutokea kwa sababu nchi za katikati ya dunia ni za joto na nchi za ncha zake ni za baridi, na kwa sababu dunia yenyewe yazunguka. Karibu na Ikweta pepo hizo ni dhaifu, lakini juu ya Atlantiki ya kaskazini ni kali, hasa wakati wa baridi. Eropleni iendayo New York huzikabili kwa uso, na ile irudiyo Nairobi husukumwa mgongoni.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme upepo wa njia nzima, ukisawazishwa, ni kilomita 50 kwa saa. Eropleni iendayo magharibi, ijapokuwa yapasua hewa kwa kilomita 900, juu ya ardhi itakwenda 850 tu, na kilomita 11,800 zitaisha kwa saa 13 na dakika 53. Irudiyo mashariki itakwenda 950, nayo itamaliza kwa saa 12 na dakika 25. Umbali ni mmoja, eropleni ni moja, na tofauti ni karibu saa moja na nusu. Basi mtu akisema, "Nilikwenda kwa saa nyingi nikarudi kwa saa chache," asidhaniwe kuwa amesahau.

Jambo jingine ni uzito. Kiwanja cha Nairobi kiko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,600, na hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi. Hewa ya joto nayo ni nyepesi vile vile. Bawa lapata nguvu kidogo katika hewa nyepesi, na eropleni iendayo mbali imebeba makumi ya tani za mafuta, hata sehemu ya mafuta yale hutumika kwa kuchukua uzito wa mafuta yenyewe. Kwa hiyo hesabu ya abiria, mizigo na mafuta hufanywa kwa uangalifu mwingi, na ubaridi wa usiku wa Nairobi ni msaada mkubwa kwa eropleni iliyojaa. Abiria akiambiwa kuwa mzigo wake umezidi, ajue kwamba kila kilo imekwisha kuhesabiwa.

Saa za nchi mbili

Sasa twaja kwenye jambo liwachanganyalo watu kuliko yote. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24. Mduara wake umegawanywa kwa digrii 360, na 360 kugawanya kwa 24 ni 15. Basi kila digrii 15 ni saa moja ya tofauti ya jua. Saa ya Kenya, Uganda na Tanzania imewekwa kwa kufuata digrii 45 mashariki, na ile ya New York kwa kufuata digrii 75 magharibi. Ukijumlisha 45 na 75 wapata 120, na 120 kugawanya kwa 15 ni 8. Kwa hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Lakini Wamarekani, tangu Jumapili ya pili ya mwezi Machi hata Jumapili ya kwanza ya Novemba, husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na wakati huo tofauti ni saa 7 tu. Sisi hatusogezi, kwa sababu huku urefu wa mchana haubadiliki sana.

Tuchukue mwezi Januari, wakati tofauti ni saa 8. Eropleni yaondoka Nairobi saa 5 usiku, nayo yasafiri saa 15. Kwa saa ya Nairobi yafika saa 8 mchana. Ondoa 8, na kwa saa ya New York ni saa 12 asubuhi. Tikiti itaandika saa 5 usiku na saa 12 asubuhi, kila moja kwa saa ya mahali pake. Yule asemaye kwamba safari ni ya saa 7 amehesabu baina ya hizo mbili, kana kwamba zote ni za mahali pamoja.

Fikirini basi mama aliyeambiwa kwamba mwanawe atafika saa 12 asubuhi. Saa 12 ya nyumbani yafika, simu haiji. Saa 2 yapita, saa 4 yapita, na mama ameanza kulia na majirani wamekusanyika. Walakini hakuna baya lililotukia. Saa 12 asubuhi ya Nairobi eropleni ilikuwa yapata juu ya Moroko, nayo ilibakiwa na saa 8 za mwendo. Hata ikiisha kutua saa 8 mchana, kijana atasimama katika safu ya kukaguliwa hati, kisha atangoja mzigo. Habari zake zikija saa 10 jioni, hajachelewa. Yafaa mwalimu au chifu awaeleze watu wa nyumbani mapema, tena awaandikie saa ya nyumbani karatasini.

Msafiri mwenyewe ataona ajabu ya usiku. Jua litakuwa limemchwea Nairobi yapata saa 12 na nusu jioni, naye atakuwa akiifuata njia ya jua huku akiwa nyuma yake. Katika mwezi huo wa Januari usiku wake utakuwa wa saa zipatazo 20, hata atakapoona mapambazuko ya New York. Wakati wa kurudi, mchana wake utakuwa mfupi vile vile, kwa sababu atakuwa akienda kuulaki usiku.

Tufanye hesabu ya kurudi. Eropleni yaondoka New York saa 6 mchana, ambayo kwa Nairobi ni saa 2 usiku. Yasafiri saa 14, yafika Nairobi saa 4 asubuhi ya siku ya pili. Kwa tikiti, toka saa 6 mchana hata saa 4 asubuhi ni saa 22. Hapa tena asiyejua atasema kwamba kurudi ni mbali kuliko kwenda mara tatu.

Iko njia rahisi ya kupata ukweli hata kama hujui tofauti ya saa za nchi hizo. Jumlisha saa za tikiti ya kwenda na za tikiti ya kurudi. Katika mfano wetu 7 na 22 ni 29. Kweli yenyewe ni 15 na 14, nayo ni 29 pia. Tofauti iliyopunguzwa katika kwenda imeongezwa katika kurudi, basi zikijumlishwa hufutana. Gawanya 29 kwa 2, utapata saa 14 na nusu, ndiyo kadiri ya safari moja. Njia hii yafaa kwa viwanja viwili vyovyote duniani, mradi tarehe zihesabiwe sawasawa na katikati saa zisiwe zimesogezwa.

Kusoma tikiti

Tikiti huandikwa kwa hesabu ya saa 24 ianzayo katikati ya usiku, wala si kwa hesabu yetu ianzayo macheo na machweo. Yafaa kanuni hizi zikaririwe:

Toka 00:00 hata 06:59, ongeza 6. Basi 00:30 ni saa 6 na nusu usiku.

Toka 07:00 hata 18:59, toa 6. Basi 11:00 ni saa 5 asubuhi, wala si saa 11.

Toka 19:00 hata 23:59, toa 18. Basi 23:00 ni saa 5 usiku.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika tarehe. Tuseme tikiti imeandikwa Ijumaa tarehe 5, 00:30. Msafiri hukaa nyumbani siku ya Ijumaa kutwa, akaagana na watu, jioni akaenda kiwanjani, akaambiwa kwamba eropleni yake iliondoka usiku uliopita. Ijumaa ya tikiti ilianza katikati ya usiku wa Alhamisi. Hapa hesabu ya wazee wetu, wahesabuo siku tangu jua kuchwa, yafaa zaidi, maana wao husema usiku wa Ijumaa wakiwa na maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Msafiri huyo hana budi kuwapo kiwanjani siku ya Alhamisi tarehe 4, saa 3 na nusu usiku, kwa kuwa safari za nchi za mbali zataka mtu afike saa 3 kabla ya kuruka.

Kadhalika, asiyekaa Nairobi asihesabu safari yake kuanzia Nairobi. Mtu wa Kigoma au wa Lodwar ana safari nyingine mbele ya hiyo. Akiweza, na anunue tikiti moja ya njia nzima. Akinunua mbili mbalimbali, na ya kwanza ikachelewa, huenda kampuni ya pili isikubali kumchukua bila malipo mapya. Na aache nafasi ya saa nyingi katikati, au alale mji ule usiku mmoja.

Mwisho ni habari ya mwili. Saa 15 za kukaa kitini si mchezo. Inuka kila baada ya muda, utembee, unyooshe miguu, unywe maji, kwa maana damu ikaayo bila mwendo yaweza kuganda miguuni. Mwenye mimba, aliyepasuliwa karibuni, na mwenye ugonjwa wa moyo na wamwone mganga kabla ya kununua tikiti. Atumiaye insulini au dawa nyingine ya saa maalumu na amwulize mganga jinsi ya kuhesabu, maana siku ya kwenda magharibi ni ndefu kuliko saa 24, na ya kurudi ni fupi. Dawa na ichukuliwe mkononi, isitiwe katika mzigo wa chini.

Kuuliza si ujinga. Tikiti ikiletwa kwenu, ninyi walimu na machifu, someni kwanza tarehe, kisha saa ya kuondoka, ndipo saa ya kufika, mkimwandikia msafiri karatasi moja ya saa za Kiswahili na wazazi wake karatasi ya pili ya saa za nyumbani. Kazi hiyo ni ya robo saa tu.